Mkufunzi wa Mazoezi, Mashine na Moyo wa Mteja

Mashine ya kukimbilia ina ukoo usiofahamika sana. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa la kukanyaga kwa ajili ya magereza, ili wafungwa wapande vidato visivyokuwa na mwisho. Zaidi ya karne moja baadaye, daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, alitumia mkanda unaozunguka kuchunguza mioyo ya wagonjwa. Utaratibu aliouchapisha mwaka 1963, unaoongeza kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3, bado unatumika katika kliniki za moyo. Huko kliniki mgonjwa hupanda mkandani akiwa amebandikwa waya za kurekodi umeme wa moyo, presha yake ikipimwa mara kwa mara, na mhudumu akiwa amesimama kando yake. Jimuni mkanda ni ule ule, lakini mwangalizi ni mmoja tu, naye ni mkufunzi.

Mkufunzi huyo kwa kawaida ni mtu mwenye afya, anayeijua mashine kwa mwili wake mwenyewe. Hapo ndipo penye nguvu yake na pia penye hatari. Akitaka kumpangia mteja kiwango cha juhudi, mara nyingi huchukua kanuni aliyofundishwa: 220 kutoa umri, kisha asilimia fulani ya jibu. Kanuni hiyo ilienea tangu miaka ya 1970 kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Ni wastani wa watu wengi, na mapigo ya juu kabisa ya mtu mmoja yanaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi kwa dakika, juu au chini.

Chukuliwe mfano wa mwanamume wa miaka 52 anayetumia atenololi kutibu shinikizo la damu. Kwa kanuni hiyo, moyo wake unatarajiwa kufikia mapigo 168, na asilimia 80 yake ni takribani 134. Mkufunzi anatazama skrini na kuona 108. Anahitimisha kwamba mteja anajivuta, hivyo anaongeza kasi, kisha mwinuko. Asichokijua ni kwamba dawa za jamii ya atenololi, bisoprololi na propranololi huzuia moyo usiharakishe. Mapigo 108 kwa mtu huyo yaweza kuwa tayari ni kazi kubwa, na namba 134 huenda asiifikie kamwe hata akimaliza nguvu zote. Mashine haikusema uongo; kilichokosekana ni swali moja la kabla ya kupanda: “Baba, unatumia dawa gani?” Mteja naye asiache dawa ili namba ipande, kwani kuacha ghafla dawa za jamii hii kunaweza kuamsha maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo.

Kwa mteja wa namna hiyo kipo kipimo kisichohitaji umeme. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, alitunga ngazi ya namba 6 hadi 20 ambayo mtu hutumia kueleza ugumu anaouhisi: 6 ni utulivu kamili, 20 ni juhudi ya mwisho kabisa. Kwa watu wengi wanaoanza, 11 hadi 13 hutosha. Njia nyepesi zaidi ni mazungumzo. Anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba yumo katika juhudi ya wastani. Anayejibu neno moja moja amevuka.

Vyuma vina somo lao. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1985, presha ilipimwa ndani ya ateri za wanaume 5 waliozoea kujenga misuli. Waliposukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, wastani wa presha ulifika 320 kwa 250. Sehemu ya ongezeko hilo hutokana na kubana pumzi. Mnyanyuaji stadi hubana pumzi kwa makusudi ili kukaza kiwiliwili na kulinda mgongo, na si vibaya kwake. Kosa ni kumpa mwenye presha mbinu ile ile na uzito ule ule. Huyo apewe uzito anaoweza kuurudia mara 10 hadi 15 bila kukaza meno, akitoa pumzi wakati wa kusukuma. Kama presha yake haijadhibitiwa, aanzie kwa daktari.

Namba za kalori zisimsumbue mtu: mteja aliyening'inia kwenye vishikio amepunguza kazi ya miguu, ilhali mashine inahesabu kana kwamba anajibeba mwenyewe.

Hata kitufe cha kusimamisha kina utaratibu wake. Mkanda ukisimama ghafla baada ya juhudi kubwa, damu hubaki miguuni na mtu anaweza kuzirai, kwa hiyo kasi ipunguzwe polepole kwa dakika 5 hivi. Lakini akishika kifua, akipata kizunguzungu au akilalamika kwamba moyo unaruka mapigo, mkanda usimamishwe papo hapo, ashikiliwe asianguke, aketishwe, na mtu mwingine aite usafiri wa hospitali huku mkufunzi akibaki naye.