Mali Iliyomo Katika Mimea ya Porini

Umekwisha kujifunza kuwa mmea una mizizi, shina, majani, maua na matunda. Watu huchukua sehemu hizo ili wapate chakula, mafuta, dawa na vitu vingine vya kuuza. Katika somo hili tutatazama mimea mitatu ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa kila mmea jiulize maswali mawili: Ni sehemu gani inayochukuliwa? Je, mmea wenyewe hubaki hai?

1. Mbuyu

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Iringa, utapita katika bonde la Mto Ruaha Mkuu kabla ya kupanda mlima Kitonga. Bonde hilo lina mibuyu mingi ambayo haikupandwa na mtu. Ndani ya tunda la mbuyu mna unga mkavu mweupe unaozunguka mbegu. Unga huo ni mchachu kwa sababu una asidi, nao una vitamini C. Mbegu zake zina mafuta, ambayo hukamuliwa na kutumiwa katika vipodozi.

Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu utiwe katika vyakula vinavyouzwa huko. Hivyo tunda tulilozoea kulimung'unya njiani likapata soko la mbali. Mchumaji huchukua tunda tu. Mti hubaki umesimama, nao huzaa tena.

2. Okidi za Kitulo

Uwanda wa juu wa Kitulo uko kati ya Mbeya na Makete. Zamani Makete ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Njombe. Wakati wa mvua uwanda huo hujaa maua ya rangi nyingi, na kwa sababu hiyo watu huuita Bustani ya Mungu. Mengi ya maua hayo ni ya okidi.

Okidi nyingi za huko zina viazi viwili ardhini. Kimoja ni cha zamani: kimeulisha mmea wa mwaka huu, nacho kinanyauka. Cha pili ni kipya na kigumu: ndicho kitakachootesha mmea wa mwaka ujao. Nchini Zambia viazi vya okidi hutwangwa, vikachanganywa na karanga zilizosagwa, vikapikwa chakula kiitwacho chikanda. Chakula hicho hupendwa sana. Okidi za Zambia zilipopungua, wachuuzi walivuka mpaka kutafuta viazi katika nyanda zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikadiria kuwa mamilioni ya viazi yalikuwa yakichimbwa kila mwaka.

Mchimbaji hukitaka kile kiazi kipya. Akikichukua, ameuchukua mmea wa mwaka ujao. Nazo mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota porini mpaka zipate kuvu fulani wa udongoni wa kuzilisha. Basi pahali palipochimbwa hapajai tena upesi. Fedha ya leo imelipwa kwa mavuno ya kesho.

Kwa ajili ya kuilinda mimea hiyo, Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005. Ni marufuku kuchimba viazi ndani yake.

3. Pareto

Pareto ilikuwa mmea wa porini katika milima ya pwani ya Dalmatia, ambayo leo imo katika nchi ya Kroatia. Watu waligundua kuwa maua yake makavu huua wadudu. Badala ya kuyachuma porini tu, waliilima. Pareto huhitaji baridi ili itoe maua vizuri, na kwa hiyo imestawi katika sehemu za juu za Mbeya na Iringa.

Wakulima huchuma maua, huyakausha, kisha huyauza. Huko Mafinga kiko kiwanda cha kutoa dawa iliyomo ndani ya maua hayo. Dawa hiyo huharibika upesi katika mwanga wa jua, kwa hiyo haikai muda mrefu shambani. Mkulima akichuma maua, mmea hubaki na kuchanua tena.

Jaribio: Je, mbegu ya ubuyu ina mafuta?

1. Chukua mbegu chache za ubuyu, uzioshe na kuzikausha.
2. Zipasue kwa jiwe, utoe kiini cha ndani.
3. Sugua kiini juu ya karatasi nyeupe.
4. Tia tone la maji mahali pengine pa karatasi hiyo. Acha karatasi ikauke.
5. Inua karatasi kuelekea dirishani. Ni doa lipi linalopitisha mwanga? Doa la maji hutoweka. Doa la mafuta hubaki.

Maswali

1. Taja sehemu inayochukuliwa katika mbuyu, okidi na pareto.
2. Kwa nini kuchimba kiazi kipya cha okidi ni hasara kuliko kuchuma tunda la mbuyu?
3. Kwa nini ni vigumu kuotesha okidi kwa mbegu?
4. Waulize wazee wa kijiji chako: ni mmea gani wa porini uliokuwa mwingi zamani na sasa umeadimika? Ni sehemu gani ya mmea huo iliyokuwa ikichukuliwa?