Betri ya Nyuma Haijai: Volti Zimepotelea Wapi?

Kanuni ya Ohm kila mmoja wetu ameiandika katika daftari lake, akaijibia mtihani, kisha akaiacha humo humo. Leo nataka kuitoa nje na kuipeleka chini ya motokaa kuukuu, maana huko yaweza kuokoa fedha. Natumaini ninyi mliotutangulia hapa shuleni, ambao wengine mna magari, hamtachoka kusoma.

Katika wilaya yetu ya Kasese hupita magari ya wasafiri waendao Hifadhi ya Queen Elizabeth na milima ya Rwenzori. Mengine ni mabasi madogo ya zamani yaliyotiwa kitanda, taa na friji, pamoja na betri ya pili huko nyuma, ili vyombo hivyo visiimalize betri ya kuwashia injini. Gari la namna hiyo likizeeka, mara nyingi betri ya nyuma haijai. Limetoka Maliba, limepita Kasese na Kikorongo mpaka Bwera, na usiku ule ule taa zafifia mapema. Mwenyewe hununua betri mpya. Baada ya muda si mrefu nayo yafa, kwa kuwa betri ya risasi ikikaa nusu tupu siku nyingi, fuwele za salfeti ya risasi huwa ngumu juu ya mabamba yake. Kumbe betri ya kwanza haikuwa na kosa, na ya pili imeuawa bure.

Basi tupime kabla ya kununua. Washa injini, uiongezee mwendo kidogo, kisha weka mita juu ya betri ya mbele. Ikionyesha kati ya volti 13.8 na 14.4, alternata yafanya kazi. Ikiwa chini ya hapo, tazama kwanza mkanda unaoizungusha, kama umelegea au unang'aa kwa kuteleza. Tena ujue kwamba injini ikinguruma polepole stendi, huku taa zote zinawaka, alternata haina nguvu nyingi ya kutoa.

Sasa nenda nyuma. Tuseme mbele ni volti 14.2 na nyuma ni 13.0. Volti 1.2 zimeliwa njiani. Na nani? Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, urefu mita 5. Ukinzani wake ni karibu omu 0.037. Ampea 20 zikipita, zidisha: volti 0.74 zimekwisha potea ndani ya waya peke yake. Waya wa milimita mraba 10 ungepoteza kama volti 0.18 tu. Zilizobaki zimo katika fyuzi, nati zilizolegea, vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe au wa kijani, na mara nyingi mahali waya wa hasi ulipofungwa juu ya bodi yenye kutu na rangi. Magari mengine hutenga betri mbili kwa daiodi ya silikoni, nayo peke yake hula karibu volti 0.7.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Hupima waya wakati hakuna mkondo unaopita, wakaona volti zote zimefika, wakasema waya ni mzima. Mkondo ukiwa sifuri, zidisha kwa ukinzani wowote utakao, jibu ni sifuri! Lazima upime betri ikiwa na njaa na injini inazunguka. Gusa chanya ya mbele kwa ncha moja ya mita na chanya ya nyuma kwa ncha nyingine. Utakachosoma ndicho kilichopotea upande huo. Fanya hivyo kwa hasi na hasi pia, kisha pima kiungo kimoja kimoja.

Mwanafunzi hodari atanipinga: betri ikianza kujaa mkondo hupungua, na upotevu nao hupungua, kwa hiyo mwishowe itajaa tu. Ni kweli, lakini ni lini? Waya mwembamba hauizuii betri kujaa, huichelewesha, na safari ya Maliba hadi Bwera si ya siku nzima.

Kabla ya kufungua chochote zima injini, vua pete na saa, fungua hasi kwanza, wala usikaribie na sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Sugua vichwa na bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, badili waya ulio mwembamba, weka fyuzi karibu na kila betri, halafu upime tena.

Ikiwa nyuma sasa yafika karibu 14 na bado taa zafifia, chaji betri mpaka ijae, uiache usiku kucha bila kuunganishwa na kitu. Iliyo nzima huonyesha asubuhi kama volti 12.6. Yenye vifuniko ipimwe kwa haidromita katika seli zote 6. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo ndipo fedha zitoke mfukoni.