Chupa Kupasuliwa Leba: Lini, na kwa Sababu Gani?

Kwa nini mkunga aipasue chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, badala ya kuiacha ipasuke yenyewe?

Mara nyingi ni kwa ajili ya kuharakisha. Uchungu unaposuasua, maji hutolewa ili kichwa cha mtoto kikandamize shingo ya kizazi. Wakati mwingine anataka kuona rangi ya maji, maana yakiwa ya kijani mtoto amejisaidia tumboni. Ngozi ya chupa haina mishipa ya fahamu, hivyo kinachomuumiza mama ni kule kupimwa njia, na baadaye uchungu unaokuja kwa nguvu zaidi.

Na uchungu unafupika kweli?

Hapa mazoea yamewatangulia watafiti. Katika hospitali ya wazazi ya Holles Street, Dublin, Dkt. Kieran O'Driscoll alijenga tangu miaka ya 1960 utaratibu wa kupasua chupa mapema na kuongeza dripu ya uchungu. Ulienea duniani. Kilichosahauliwa kirahisi ni kwamba Dublin kila mzazi alikuwa na mkunga wake asiyebanduka kando yake, jambo ambalo leba nyingi haziwezi hata kuliota. Mwaka 2013, mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyojumlisha tafiti 15 na wanawake 5,583 hayakuona kwamba kupasua chupa peke yake kunafupisha hatua ya kwanza ya uchungu. Yaliona hata dalili, isiyo ya uhakika, ya kujifungua kwa upasuaji kuongezeka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 haipendekezi chupa ipasuliwe kwa ajili tu ya kuzuia uchungu usichelewe.

Hatari inayotisha zaidi ni ipi?

Kitovu kutangulia. Kichwa kikiwa bado kinaelea juu, maji yanapofoka huweza kukisomba kitovu hadi ukeni. Kichwa kikishuka, hukibana, na hewa ya mtoto hukatika. Hapo mkunga husukuma kichwa juu kwa vidole na kukishikilia hivyo hadi chumba cha upasuaji. Ni nadra, lakini fikiria zahanati isiyo na chumba hicho wala gari la wagonjwa.

Maambukizi nayo hupata mlango, hasa saa zikipita na mama akipimwa njia mara kwa mara.

Na mama mwenye VVU?

Ikiwa virusi havijafubazwa, chupa isiguswe bila sababu ya kitabibu.

Mama anaweza kukataa?

Anaweza. Aulize pia: kichwa kimeshuka? Njia imefunguka sentimita ngapi? Tukisubiri itakuwaje? Akikubali, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kabla, na tena mara tu maji yanapotoka.