Pikapu au SUV? Andikeni Safari Zenu Kabla ya Kwenda Yadi



Mara nyingi tunapozungumza juu ya ndoa tunataja fedha, wakwe na malezi ya watoto. Leo tutaangalia jambo moja linaloyagusa yote matatu: gari la nyumbani. Swali lenyewe ni fupi. Je, tununue pikapu, au tununue SUV, yaani yale magari ya juu ambayo viti na buti vimo ndani ya mwili mmoja, kama vile Prado, RAV4, X-Trail na Forester?

Usiseme kwamba hilo ni swali la fundi wa gereji. Gari likishanunuliwa ndilo litakaloamua kila siku nani atampeleka nani, nani atabeba nini, na nani atangoja kando ya barabara. Tena hulipwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ni swali la mume na mke.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaokaa katika fleti hapa Hurlingham, karibu na barabara ya Argwings Kodhek. Wana watoto watatu. Mke anafanya kazi katikati ya jiji, na ndiye anayewapeleka watoto shuleni asubuhi. Mume ana shamba la viazi kwao Njabini, Kinangop, ambako mama yake mzazi anaishi. Gari lao dogo limechoka. Wamekubaliana kulibadilisha, na chama cha akiba na mikopo kimekubali kuwakopesha.

Mume anataka pikapu ya milango minne. Anasema, "Madalali wananunua viazi vyangu shambani kwa bei ya kutupa. Nikiwa na pikapu nitavileta Nairobi mwenyewe." Mke anataka SUV. Anasema, "Watoto ndio wanaopanda gari kila siku, si viazi."

Jumamosi moja mume anarudi nyumbani amejaa furaha.

"Mama watoto, nimepata pikapu pale Ngong Road. Nimeshalipa arubuni."

"Umelipa kwa pesa gani, baba watoto?"

Mume ananyamaza. Pesa hizo zilikuwa karo ya muhula wa pili.

Hapa, wapendwa, ugomvi si wa pikapu tena. Hata kama pikapu hiyo ingekuwa gari bora kuliko yote ya Nairobi, mke ataiona kila asubuhi akumbuke kwamba hakuulizwa. Na mume naye atahisi kwamba shamba la baba yake limedharauliwa. Wote wawili wana sababu. Tuone basi wangeanzia wapi.

1. ANDIKENI SAFARI ZENU

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chukueni daftari, mwandike safari zenu za miezi mitatu. Kila safari iwe na mambo manne: mlikwenda wapi, watu wangapi, mzigo gani, na mzigo huo ulikuwa na uzito gani.

Wale wa mfano wetu walipofanya hivyo waliona haya. Shule na kazini: siku tano kwa wiki, watu wanne. Jumapili kanisani, kisha sokoni: watu watano. Njabini: mara moja kwa mwezi, watu watano. Viazi: misimu miwili kwa mwaka, na jumla ya siku za kusafirisha hazizidi 12. Maana yake ni kwamba siku nyingine zote za mwaka bodi ya pikapu ingekuwa tupu.

Lakini daftari halikumpa mke ushindi wote. Lilionyesha pia kwamba mauzo ya viazi ndiyo yaliyolipa karo ya muhula wa kwanza. Mke hakuwa amelijua hilo vizuri. Tangu siku hiyo hakuyaita tena mambo ya shamba "mchezo wa baba". Hiyo ndiyo faida ya kuandika: kila mmoja huona kazi ya mwenzake.

2. JUENI KILA GARI LIMEUNDWA KWA KAZI GANI

Usione vyaelea, vimeundwa. Pikapu imeundwa kwa ajili ya mzigo. Springi zake za nyuma kwa kawaida ni mabamba ya chuma yaliyopangwa safu safu, na inaweza kubeba karibu tani moja. Ikiwa na mzigo hutulia. Ikiwa tupu hurukaruka, na katika barabara yenye utelezi sehemu ya nyuma ni nyepesi na huteleza upesi. Aliyezoea hujua kuiendesha polepole, lakini aliyekaa kiti cha nyuma huuhisi mtikisiko.

SUV imeundwa kwa ajili ya watu. Hubeba mzigo pia, lakini hapa wengi hujidanganya. SUV ya wastani, kama X-Trail au RAV4, hubeba takriban kilo 400 hadi 500, abiria wakihesabiwa humo humo. Watu watano wakiwa na kilo 300 kwa jumla, zimebaki kilo 100 au 200. Tangu kanuni za viazi za mwaka 2019, gunia la viazi halipaswi kuzidi kilo 50. Basi mmebakiwa na magunia mawili hadi manne. Pikapu hubeba karibu magunia 20, na ikiwa na abiria yatapungua kidogo. Mwenye magunia 20 asinunue SUV kwa kutumaini keria ya juu.

Urefu nao si jambo dogo. Hilux ya milango minne ina urefu wa takriban mita 5.3. RAV4 na X-Trail zina takriban mita 4.6 au 4.7. Hurlingham na Kilimani ya nyumba za chini zenye ua mpana imepungua sana. Wengi tunakaa katika fleti zenye maegesho ya kubana chini ya jengo. Kabla ya kwenda yadi, chukueni futi mpime nafasi yenu ya kuegesha, na mtazame pia kona ya kuingilia. Afadhali kupima kwa futi kuliko kupima kwa bamba la mbele.

Tazameni viti vya nyuma kwa makini. Katika pikapu nyingi mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima zaidi. Wapandisheni watoto wote watatu, mfunge mikanda yote, na kama mna kiti cha mtoto mdogo, kijaribuni hapo hapo. Na hili tulisema bila kuzunguka: bodi ya pikapu si mahali pa watoto, hata kwa safari ya kwenda dukani. Hakuna kiti, hakuna mkanda, na breki moja ya ghafla yatosha kumtupa mtoto barabarani.

Msiwasahau wazee. Pikapu na SUV kubwa zote zina ngazi ya juu. Mama wa Njabini mwenye maumivu ya magoti huenda akashindwa na Prado kama anavyoshindwa na pikapu. Mpelekeni ajaribu kupanda na kushuka.

Mwisho, fikirieni mvua na wezi. Bodi iliyo wazi humwagiwa mvua yote ya Kinangop. Na ukiegesha Yaya Centre ukiwa na mzigo nyuma, huwezi kuufungia. Bei ya turubai au kifuniko cha bodi iingie katika hesabu yenu tangu mwanzo.

3. HESABUNI GHARAMA ZA BAADA YA KUNUNUA

Bei ya yadi ni mwanzo tu. Kuna mambo manne ya kuuliza.

Kwanza, kodi na ukaguzi. Kwa kawaida pikapu huhesabiwa kuwa gari la biashara. Hupaswa kukaguliwa kila mwaka, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya kulipwa mapema ya shilingi 2,500 kwa kila tani ya mzigo, au shilingi 5,000 kwa mwaka, kutegemea ipi ni kubwa. Magari ya biashara yana pia kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ndiyo sababu ya kile kibandiko cha 80 mnachokiona nyuma ya pikapu nyingi.

Pili, bima. Mwambieni wakala ukweli. Kubeba viazi vyenu ni jambo moja, kubeba vitu vya watu kwa malipo ni jambo jingine, na bima zake ni tofauti. Mkikata bima ya kubeba mali yenu kisha mkapata ajali mkiwa na mzigo wa kulipiwa, kampuni yaweza kukataa kuwalipa.

Tatu, mafuta. Msikubali maneno ya muuzaji kwamba gari hili "halinywi". Fanyeni hesabu. Kama mnakwenda kilomita 1,200 kwa mwezi, gari la kilomita 8 kwa lita litatumia lita 150, na la kilomita 12 kwa lita litatumia lita 100. Tofauti ni lita 50 kwa mwezi, yaani lita 600 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei inayotangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Wala msidhani kwamba SUV ndiyo itakayoshinda kila mara: pikapu ya dizeli yaweza kutumia mafuta machache kuliko Prado ya petroli.

Nne, historia ya gari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. SUV nyingi za Ngong Road zimetoka Japani zikiwa ndani ya umri huo. Pikapu ni habari nyingine. Isuzu D-Max huunganishwa hapa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi 2017, na huko Japani D-Max haiuzwi. Hilux nayo iliondolewa katika soko la Japani mwaka 2004, ikarudi 2017. Kwa hiyo pikapu nyingi zilizotumika mnazoziona zimefanya kazi papa hapa Kenya, mara nyingi katika makampuni na mashamba. Pelekeni fundi wenu wenyewe atazame chasisi, springi na sakafu ya bodi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

4. KUBALIANENI JUU YA NDUGU NA MAJIRANI

Wengi husahau jambo hili mpaka limewafika. Mwenye pikapu huwa msafirishaji wa ukoo mzima. Binamu anahama, jirani anapeleka kochi, viti vya harusi vinatakiwa Ijumaa usiku, na msibani unatafutwa wewe kwanza. Kusaidia ni jambo jema. Lakini nani atalipa mafuta? Nani atakayesema "leo haiwezekani"? Mara nyingi mume hukubali, kisha Jumamosi ya watoto hupotea na mke ndiye anayeonekana mkali.

SUV nayo ina yake. Watu wakiiona husema, "Wale sasa wana pesa," na michango huongezeka. Kubalianeni mapema, na jibu mtakalolitoa liwe la wote wawili. Mke asiachwe kuwa ndiye wa kukataa kila siku.

5. KUNA NJIA YA TATU

Wale wa mfano wetu hawakununua pikapu. Mume alirudi yadi, akarudishiwa sehemu tu ya arubuni. Hasara hiyo iliwauma. Lakini kilichomponya mke si zile pesa, ni kwamba mume alikaa chini akasema, "Nilikosea kutokukuuliza." Walinunua X-Trail iliyotumika, kwa mkopo mdogo kuliko ule wa pikapu. Kila mwezi wanaweka kando sehemu ya tofauti hiyo katika mfuko wa shamba. Msimu wa viazi ukifika wanakodi pikapu kwa siku zile chache, wakigawana gharama na jirani wa Njabini. Mke ndiye anayetafuta wanunuzi Nairobi. Karo ya muhula wa pili ilichelewa wiki tatu, na hilo walilibeba pamoja.

Msichukue jibu lao kuwa jibu lenu. Kama riziki yenu hutokana na mzigo karibu kila siku, kama vile maziwa, vifaa vya ujenzi, au samani kama mafundi wa Ngong Road, pikapu ni chombo cha kazi, na kukodi kila siku kutawamaliza. Hapo nunueni pikapu kwa moyo mmoja, mkitafuta yenye viti vizuri vya nyuma. Na kama mzigo wenu ni mifuko ya sokoni na mabegi ya shule, msijitwike gari la tani moja kwa ajili ya siku moja ya mwaka.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja ajibu peke yake kwenye karatasi, kisha mbadilishane karatasi na kusoma kimya kabla ya kuzungumza.

1. Ni safari ipi ya wiki inayonichosha zaidi, na je, mwenzangu anaijua?
2. Ninalitaka gari hili kwa kazi gani? Je, ningelitaka kama hakuna mtu angeniona nikiliendesha?
3. Logibuku itaandikwa jina la nani, na kwa nini?
4. Mmoja wetu akikosa kazi miezi mitatu, mkopo utalipwaje?
5. Ni kiasi gani cha fedha ambacho hakuna kati yetu atakayekitoa bila kumwuliza mwenzake?

Mkimaliza swali la tano, andikeni kiasi hicho ndani ya jalada la daftari, wote wawili mtie sahihi. Kisha nendeni Ngong Road pamoja.