Marko Alirudi Nyumbani: Kuandika Ukweli Kwenye Fomu ya Udaktari

SOMO LA JUMA
Soma kwanza: Matendo 13:13, Matendo 15:36-40, 2 Timotheo 4:11, Matendo 5:1-11



Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa kanisa hili alikuja ofisini akiwa na mama yake. Wameniruhusu nisimulie habari yao bila kutaja majina. Kijana huyu alipomaliza sekondari aliitwa chuo kikuu kusomea udaktari. Tulifanya harambee, tukamwekea mikono hapa mbele. Mwaka wa pili akaanguka somo la anatomia. Akafanya mtihani wa marudio, ule wanafunzi wanaita sapu, akaanguka tena. Akarudia mwaka, ikawa vile vile. Chuo kikamwachisha masomo.

Hakutuambia. Alirudi nyumbani kimya, akawa anauza katika duka la dawa za mifugo mchana, na jioni anasoma kozi ya cheti cha afya ya jamii. Kozi hiyo amepita masomo yote. Sasa anaomba nafasi ya udaktari katika chuo kingine. Fomu inauliza: Umewahi kusajiliwa chuo kingine? Kwa nini uliondoka?

Mama akasema, "Pasta, si aandike tu KCSE yake? Ile alipata vizuri. Haya mengine Mungu alishafuta."

Kijana akaangalia chini. Hilo ndilo swali la juma hili.

1. KUANGUKA MTIHANI SI DHAMBI

Tuanze hapo, maana wengi wanabeba aibu ambayo Mungu hajawapa. Mtu anaweza kuanguka kwa sababu ya msiba, ugonjwa, karo, au kwa sababu hakujua kusoma kwa njia inayofaa. Anaweza pia kuanguka kwa uzembe, na huo autubu. Lakini alama ya chini yenyewe si dhambi. Dhambi inaingia pale tunapoificha kwa uongo.

Na Mungu anaposamehe, anamsamehe mtu. Hafuti rekodi ya chuo. Zakayo aliposamehewa hakusema deni limekwisha, alirudisha. Neema haitupi ruhusa ya kuacha nafasi tupu mahali tulipoulizwa swali wazi. Neema inatupa nguvu ya kulijaza.

2. NUSU YA UKWELI: ANANIA NA SAFIRA

Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa zake. Hakulazimishwa kuleta chochote. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuifanya ionekane ni yote.

Mwombaji anayeandika KCSE na kuruka miaka mitatu ya chuo ameleta sehemu. Kila neno aliloandika ni kweli, lakini aliyesoma fomu amedanganywa.

Tena mambo haya hujulikana. Hapa Kenya wanafunzi wa udaktari huandikishwa na Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno (KMPDC) wakiwa bado masomoni, kwa hiyo aliyewahi kuanza huenda jina lake liko tayari. Walio na watoto ng'ambo wajue hali ni hiyo hiyo. Marekani, fomu ya pamoja inayoitwa AMCAS inamtaka mwombaji aorodheshe kila chuo alichosoma baada ya sekondari na kila kozi, hata aliyofeli au kurudia. Uingereza, fomu ya UCAS nayo inataka masomo yote, hata yale ambayo mtu hakupita. Ukificha, unaweza kunyang'anywa nafasi ukiwa umeshaingia, karo ikiwa imeshalipwa.

Lakini tusiseme ukweli kwa kuogopa kushikwa tu. Fikiria mbele. Kijana huyu kesho ni daktari wa zamu, saa tisa usiku. Amempa mgonjwa dawa kupita kipimo. Hakuna aliyeona. Faili iko mbele yake na kalamu iko mkononi. Aliyezoea kuacha nafasi tupu kwenye fomu ataacha nafasi tupu kwenye ile faili, na mgonjwa wa kitanda hicho anaweza kuwa mama yako.

3. TABIBU ALIYEANDIKA HABARI ZA MARKO

Yohana Marko alianza safari ya kwanza ya umisheni pamoja na Paulo na Barnaba. Walipofika Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Baadaye Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa. Wakagombana mpaka wakaachana njia.

Nani alituandikia haya? Luka. Na Wakolosai 4:14 inatuambia Luka alikuwa tabibu. Angalia jinsi tabibu anavyoandika. Hakuficha kwamba Marko aliondoka. Hakumtukana pia, wala hakujaza ukurasa kwa umbea. Aliandika kilichotokea kwa maneno machache, akaendelea.

Sasa fungua 2 Timotheo 4:11. Paulo yuko kifungoni, karibu na mwisho wa maisha yake. Anasema aliyebaki naye ni Luka, kisha anaomba Marko aletwe, kwa sababu anamfaa katika huduma. Katika mstari mmoja wako wawili: yule aliyeanguka, na yule aliyeandika kuanguka kwake. Rekodi haikumfungia Marko mlango. Ndiyo inayotufanya tuone amebadilika kiasi gani.

4. JINSI YA KUANDIKA

Soma swali lote, ujibu kile kilichoulizwa, kamili. Taja kilichotokea na mwaka wake. Toa sababu bila kumlaumu mwalimu wala kuomba huruma. Kama kulikuwa na ugonjwa au msiba, sema kwa kifupi na uweke barua ya kuthibitisha. Kisha onyesha kilichobadilika, kwa jambo linaloweza kupimwa. "Nimejifunza sana" haitoshi. Fomu si ushuhuda wa mkesha. Hutahitaji nusu saa.

Tuliketi na kijana wetu tukaandika. Fomu ni ya Kiingereza, lakini maana yake ni hii: "Nilisajiliwa kusomea udaktari katika chuo kingine. Niliachishwa baada ya kuanguka anatomia mara kadhaa. Nilikuwa nafanya kazi usiku kulipia chumba, nikakosa vipindi vya maabara, na sikuomba msaada. Tangu hapo nimemaliza kozi ya cheti cha afya ya jamii bila kuanguka somo lolote, huku nikifanya kazi mchana. Mdhamini wa karo amepatikana, kwa hiyo sitafanya kazi usiku. Rekodi za chuo cha kwanza nimeziambatisha."

Mistari michache tu. Mama yake alisoma mara mbili, akalia, halafu akasema, "Basi tuma."

Jambo lingine: anayekuandikia barua ya pendekezo mwambie ukweli wote pia. Usimfanye pasta wako au mwalimu wako awe Safira.

5. GHARAMA, NA NENO KWA KANISA

Sitawadanganya. Ukweli unaweza kugharimu nafasi. Tunapochapa karatasi hii kijana bado hajajibiwa, na anaweza kukataliwa. Lakini juzi aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili amelala usiku mzima.

Sasa tujiulize sisi. Kwa nini alirudi kimya? Kwa sababu tulimpigia makofi akienda, na hakuona mlango wa kurudia. Paulo alikuwepo kanisani. Barnaba alikuwa wapi? Mtoto akirudi kutoka chuo kabla ya wakati, usiulize mbele ya watu "unamaliza lini?" Mwite kando, mpe chai, msikilize.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kutosema jambo ambalo hujaulizwa na kuficha jambo uliloulizwa?
2. Ni fomu gani (kazi, mkopo, shule) inakujaribu kuleta sehemu kama Anania?
3. Nani katika kundi lenu anahitaji Barnaba juma hili?

OMBI

Bwana, tupe ujasiri wa kuandika yaliyotokea. Wakumbuke vijana wetu waliorudi nyumbani kimya. Wainue tena kwa wakati wako, na utufanye kanisa ambalo mtu anaweza kurudi. Katika jina la Yesu, Amina.