Mtoto Ananyonya, Mama Yuko Kazini



Mfikirieni mama anayefanya kazi ofisini mjini Embu. Likizo yake ya uzazi imekwisha, mtoto ameachwa na yaya. Saa nne asubuhi matiti yamejaa, blauzi imelowa. Anajifungia chooni, anakamua maziwa na kuyamwaga. Jioni mumewe anamwambia: "Basi, mwachishe mtoto, ama uache kazi."

Bwana huyu amesema kana kwamba mtoto ni wa mama peke yake.

Wataalamu wa afya hutushauri mtoto apewe maziwa ya mama tu kwa miezi sita. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ile mitatu inayobaki ndiyo mizito. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na si chooni. Tena mama apewe hadi saa moja ya kunyonyesha au kukamua katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipangwe vizuri, mwanamke asilazimike kuutupa umama wake ili aendelee. Hiyo ni haki, wala si hisani.

Baba, nawe una sehemu yako. Sheria inakupa majuma mawili ya likizo mtoto anapozaliwa. Yatumie kuteka maji, kupika na kufua, si kupokea pongezi tu. Mama akirudi kazini, mletee mtoto saa ya chakula ikiwezekana. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko hukaa saa nne bila friji. Jifunze kumnywesha mtoto kwa kikombe.

Nanyi mlio na chai Imenti au kahawa Runyenjes, mkumbuke kwamba wachumaji wenu nao wananyonyesha. Mama akiketi kivulini na mwanawe, msimkate ujira.

Jadilianeni usiku huu:
1. Tangu mtoto azaliwe, ni kazi gani baba ameipokea?
2. Nani ataandamana na mama kuzungumza na mwajiri?
3. Yaya wetu ana mtoto? Ananyonya saa ngapi?