Maji Twahara na Maji ya Kunywa

Watu wengi wa pwani wadhani ya kuwa maji yakisha kuwa twahara, basi ni mazuri ya kunywa. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na asiyeyapambanua huenda akadhurika mwilini hali udhu wake ni sahihi.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, maji yakifika kullateni, nayo ni kadiri ya lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yageuke rangi, au ladha, au harufu. Hiyo ni hukumu ya ibada. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani wala hakinuki, na maji yaliyo nacho huenda yakang'ara kama kioo. Unguja iliuona msiba huo mwaka wa 1869 na 1870.

Mtu wa pwani aendaye Dodoma kwa kazi au biashara akifika Hombolo, katika nchi ya Wagogo, ataona bwawa kubwa lililojengwa mwaka wa 1957. Kullateni limeipita mara nyingi mno. Maji yake yana chumvi, kwani mto huileta kutoka ardhini, na jua la kiangazi kirefu huyakausha maji likaiacha nyuma. Chumvi hiyo haiondoi twahara, kama isivyoiondoa baharini.

Watu wakosapo zaidi ni kudhani moto ni dawa ya kila kitu. Maji ya tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa, kisha yatokote sawasawa dakika 1, vijidudu hufa. Ama chumvi, huzidi kwa kuchemshwa, kwani mvuke huenda zake nayo ikabaki. Hali kadhalika floridi, madini yatiayo meno rangi ya kahawia, na yakizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Upande wa Arusha yako kwa wingi, na huko Ngurdoto maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. (Ikiwa ng'ombe amechinjwa kisharia, hapana neno.)

Kichocho nacho, ambacho watu wa Unguja na Pemba wakijua sana, hakingoji mtu anywe. Mayai yake hutoka katika mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini hutoa vijidudu viingiavyo katika konokono, kisha hutoka humo vikapenya ngozi ya aliyesimama majini. Hadithi sahihi yakataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na wengi waisoma kama adabu tu. Ashukaye katika bwawa lenye konokono hao kuosha miguu ya udhu amejitia hatarini. Afadhali ateke, achuje, aweke mtungini siku 2, kwani vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo visipopata mwili.

Akojoaye damu asingoje, bali aende hospitali akapewe prazikwanteli. Naye akirudi kuoga bwawani mle mle, dawa aliyokwisha kunywa haimkingi na kichocho cha pili.